Baiskeli ya kwanza ukubwani: nenda na futi kamba, idadi ya gia tutaijadili baadaye

Kanyagataratibu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Kigali waandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika, watu wengi wamenifuata inboksi na swali moja: "Mkuu, nataka kuanza kuendesha, ninunue baiskeli gani?" Wengi ni watu wazima, mara ya mwisho kupanda walikuwa darasa la saba. Nimekuwa nikijibu mmojammoja, sasa naushusha uzi hapa ili mwingine akiuliza nimwelekeze huku. Mimi naendesha kila siku ya kazi, Tabata kwenda mjini na kurudi, mwaka wa sita huu. Sishindani na wala si fundi kwa kusomea. Mengi ninayoyajua nimeyalipia kwa hela yangu na kwa magoti yangu.

Baiskeli ya kwanza niliinunua mtumba hapahapa Dar, laki moja na themanini. Ya bluu, gia 21, shokapu mbele, inang'aa. Nikaizungusha mita hamsini hivi, nikarudi nikalipa. Kiti kilikuwa chini kidogo, nikasema nikifika nyumbani nitakipandisha. Nimefika nyumbani, nimelegeza nati, kiti hakiendi juu wala chini. Nimekigonga kwa nyundo ya mpira, nimemwaga mafuta ya kulegeza kutu nikaiacha imelala usiku kucha, wapi. Bomba la kiti lilikuwa la aluminiamu na fremu ya chuma. Vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kwenye unyevu wenye chumvi vinalana taratibu, mwisho vinashikana utadhani vimechomelewa.

Nikaendesha hivyohivyo miezi miwili. Maumivu yakaanza mbele ya goti, kwenye kikombe. Ikafika mahali ngazi za ofisini napanda kwa kushika ukuta. Mwishowe fundi mmoja alilikata lile bomba kwa msumeno wa chuma, akaingiza wembe wa msumeno ndani na kulichana kipande kwa kipande, kazi ya karibu siku nzima. Siku ile niliyopandisha kiti kikakaa panapostahili, niliendesha hadi mjini nikashangaa kumbe safari ni fupi kiasi kile.

Ndiyo maana nikienda kumsindikiza mtu kununua, kabla hatujataja bei namwomba muuzaji alegeze kiti, kipande na kishuke tunaona. Halafu alegeze na usukani. Kimojawapo kikigoma, tunashukuru tunaondoka, hata iwe nzuri vipi.

Sasa hiyo futi kamba. Kabla hujatoka nyumbani, simama peku mgongo ukiwa ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja ukivute juu hadi kiguse, kama vile umekalia kiti cha baiskeli. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Chukua hicho kipimo zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli kubwa ya chini ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Mimi napata sentimita 80, kwa hiyo kiti changu kinakaa kwenye 70 na nusu. Kile cha bluu kilikuwa 62! Hesabu ikikuchosha, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukishaweka sehemu ya mbele ya mguu kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Wengi hapa watauliza, "Sasa miguu yangu haitafika chini nikisimama?" Haitafika yote, utagusa kwa ncha za vidole. Ukisimama unashuka mbele ya kiti na kusimama juu ya ardhi, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Kwa hiyo hakikisha kuna nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yako na bomba hilo. Usipoipata nafasi hiyo, fremu ni kubwa kwako na hakuna fundi atakayeipunguza. Na mikono nayo: ukishika usukani viwiko vibaki vimelegea. Ukiona unajinyoosha hadi mabega yanapanda masikioni, hiyo ni ya mtu mwingine.

Jambo la pili, na hapa ndipo hela za watu zinapotea, ni namba za tairi. Baiskeli mbili zote zinaitwa "ishirini na sita" lakini tairi zake haziingiliani. Mpwa wangu alinunua ile ya Kijapani yenye kikapu mbele na dinamo, tairi limeandikwa 26 x 1 3/8. Lilipochanika akaenda kununua jipya la 26 x 1.95, la baiskeli ya mlima. Fundi alihangaika nalo asubuhi nzima, halikai, maana ni dogo kuliko ringi kwa zaidi ya sentimita tatu. Ukitazama ubavuni mwa tairi, pembeni ya hiyo 26 kuna namba nyingine ndogo: 37-590. Hiyo ya pili, 590, ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokalia. Ya mlima ya zamani ni 559. Phoenix na ndugu zake za 28 x 1½ ni 635. Hizi mpya nyembamba wanazoita 700, pamoja na "ishirini na tisa" za mlima, zote ni 622. Ishirini na saba na nusu ni 584.

Ipige picha namba hiyo kabla hujalipa. Toka hapo nenda kwa fundi wa mtaani kwako, yule atakayekuzibia pancha saa moja asubuhi, umuulize: "Tairi na tyubu ya hii napata wapi?" Akikujibu palepale, nunua. Akianza kukuna kichwa, jua kila tairi likiisha utatumia wiki kulitafuta na baiskeli imeegeshwa ukutani. Nimeona baiskeli nzuri sana za Ulaya zimekufa kifo hicho, fremu nzima, ringi nzima, tairi tu halipo.

Ukaguzi wenyewe haumalizi dakika kumi. Inua gurudumu la mbele lizungushe, tazama ringi inavyopita kwenye raba za breki: ikiyumba kidogo fundi atainyoosha kwa kukaza na kulegeza spoku, ikiyumba kama ulimi wa mbwa achana nayo. Bana breki ya mbele sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok, tok" chini ya usukani, gololi za pale zimelegea au zimekwisha. Shika mikono yote miwili ya pedali itikise kushoto na kulia, isiwe na mchezo. Pitisha kidole chini ya fremu karibu na usukani, pale mabomba mawili yanapokutana. Rangi ikiwa imekunjamana au kuna uvimbe, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa, maana fremu ikikatika hapo unaangukia uso.

Cheni nayo ina kipimo chake. Chukua rula ya inchi 12. Cheni mpya ukipima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya ishirini na nne baada yake, unapata inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, badilisha. Ikizidi mara mbili ya hapo, meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na ukiweka cheni mpya itakuwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Huo si ubovu wa kukataa baiskeli, ila unakupa sababu halali ya kupunguziwa bei.

Gia. Kwa Dar, ukitoa milima michache ya huku Kimara na Mbezi, gia sita au saba zinakutosha. Hizo 21 ni tatu za mbele kuzidisha saba za nyuma, na nyingi zinajirudia. Ile ya gia tatu zilizofungwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma watu wanaidharau, wakati mchanga na maji haviingii kirahisi na unabadilisha hata ukiwa umesimama kwenye taa. Shokapu za mbele kwenye baiskeli za bei ya chini siziungi mkono hata kidogo: zinaongeza uzito wa kilo mbili hivi, zinashika kutu ndani, baada ya mwaka hazibonyei tena. Tairi pana lenye upepo wa wastani litakutunza zaidi kwenye mashimo yetu.

Mwisho hela. Kama umetenga laki tatu, tafuta baiskeli ya laki mbili. Inayobaki inaenda kwenye kofia ngumu, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kufuli nzito, pampu, viraka na solusheni, halafu kwa fundi akuoshee gololi, aweke grisi mpya, abadilishe nyaya na raba za breki. Mtumba wowote ufanyie hivyo kabla hujaingia nao barabarani. Na risiti ichukue, iandikwe namba ya fremu, ile ambayo mara nyingi imegongwa chini ya fremu, kwenye ekseli ya mikono ya pedali. Muuzaji ambaye hataki kuiandika namba hiyo ana sababu, na huenda mwenye baiskeli anaitafuta.

Karibuni, mwenye la kuongeza aongeze.

---

Mzee wa Phoenix

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeruka kitu. Kwa nini mtu ahangaike na mtumba wa kubahatisha wakati Phoenix mpya ipo? Babu yangu alibebea mkaa, baba akatupelekea shule watatu kwa mara moja, na mimi bado ninayo. Breki zake za fito, hakuna waya wa kukatika. Spea ziko hadi kwenye duka la kijijini linalouza chumvi na kiberiti.

Kanyagataratibu

Mzee wangu shikamoo. Kwa spea sina ubishi na wewe, nimefika vijiji ambavyo hupati soda ya baridi lakini tyubu ya 28 ipo. Mtu wa kubeba mizigo, au anayeishi mbali na fundi mwenye spana za kisasa, Phoenix mpya namwambia achukue akiwa amefumba macho. Shida yangu ni kwa huyu anayeanza, anayetaka kwenda kazini kilomita kumi na kurudi. Ina gia moja, ni nzito, na zile breki za fito kwenye ringi iliyoloa zinachelewa sana kushika. Masika nimeziona zinapitiliza makutano. Na urefu wake umetengenezwa kwa mtu mrefu, mwenye mguu wa sentimita 74 atateseka kuishuka. Akiipanda ikamkaa vizuri na njia yake ni tambarare, achukue, nitamsindikiza mwenyewe.

---

Mama wa Chumbageni

Asante sana kwa uzi. Niko Tanga, huku baiskeli ni jambo la kawaida lakini mimi sijapanda tangu nizae. Nataka ya kwenda sokoni na kumpeleka mtoto chekechea, na navaa gauni na mtandio. Kuna moja ya Kijapani yenye kikapu, bomba la juu limeshuka chini, kaka mmoja ananiambia hizo ni dhaifu ninunue "ya kiume". Nifanyeje?

Kanyagataratibu

Dada, hiyo ya bomba lililoshuka ndiyo yako. Unapanda na kushuka bila kurusha mguu nyuma, na ukiwa na mtoto kwenye keria ya nyuma huwezi kurusha mguu kabisa, utampiga teke. Hao wanaosema dhaifu wanalinganisha na kazi ya kubeba magunia mawili.

Angalia vitu vitatu kwa ajili ya mtoto na gauni. Kifuniko cha cheni kiwe kizima, kisiwe kimekatwa nusu. Gurudumu la nyuma liwe na wavu au plastiki ubavuni, kama halina mwambie fundi afunge, kwa sababu mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku unavunjika, nimeona kwa macho yangu mtoto wa jirani. Na stendi iwe ya miguu miwili, ile ya mguu mmoja baiskeli inaanguka ukishampakia mtoto. Mtandio ufunge kwa nyuma uuingize ndani ya gauni kabla hujapanda.

Halafu uulize tairi la 590 kwa mafundi wa hapo Tanga mapema.

---

Mvita Kwa Upepo

Mimi niko Mombasa, nyumba yangu na bahari tunatazamana. Hayo ya bomba la kiti yamenikuta hivyohivyo. Ongezea dawa yake basi, ndugu yangu, wasije wakanunua nzuri wakaja wakaiharibu wenyewe.

Kanyagataratibu

Kweli ndugu, nilisahau. Siku ya kwanza ukishanunua, toa bomba la kiti lote, lifute, lipake grisi kuanzia chini, lirudishe. Rudia kila baada ya miezi minne au mitano, na kwa wewe wa Mombasa isizidi miezi mitatu. Pedali nazo zitoe uzipake grisi kwenye nyuzi. Hapo angalizo: pedali ya kushoto inafunguka kinyume, unaizungusha kuelekea inakozunguka mishale ya saa. Mafundi wasioijua hiyo wameng'oa nyuzi za mikono mingi sana.

Cheni ukirudi na mvua ifute kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha, kisha ufute tena yaliyobaki nje. Yakibaki nje yanashika mchanga na mchanga unasaga kila kitu.

---

Nyuzi 45

Mkuu mimi nilimtazama Pogačar akishinda pale Kigali na nikajua hii ndiyo yangu. Nataka ile ya mbio, usukani umepinda kwa chini, tairi nyembamba. Niko Kinyerezi. Naona unawapeleka watu wote kwenye za kikapu.

Kanyagataratibu

Hapana mkuu, moyo ukishapenda upeleke unakotaka, maana baiskeli unayoipenda ndiyo utakayoipanda saa kumi na moja alfajiri wakati wengine wamelala. Ila ingia ukijua. Tairi la milimita 23 au 25 linahitaji upepo mwingi, na ukilipitisha kwenye shimo kwa kasi tyubu inabanwa na ringi, unapata matobo mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Kwa hiyo ukienda kutazama, pima nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki. Tafuta fremu inayoruhusu 28, ikikubali 32 bora zaidi. Nafasi hiyo haiongezeki baadaye.

Kwa vifaa vya kampuni ya Shimano vya baiskeli za barabarani, seti yao iitwayo Claris, ya gia nane nyuma, inatosha kabisa kuanzia, na cheni za gia nane si za bei kubwa. Kuwa mwangalifu na mtumba wa fremu ya kaboni. Chuma na aluminiamu vikipasuka mara nyingi unaona ufa. Kaboni inaweza kuwa imeumia ndani na nje inang'aa, na sisi huku kuipima hatuna pa kuipeleka. Na hakuna siku utajutia kujifunza kuziba pancha mwenyewe ukiwa sebuleni kwako, kabla haijakukuta Pugu saa moja jioni.

---

Cheni Kavu

Fundi hapa, Mwananyamala. Naongeza moja tu. Watu wanaleta baiskeli za breki za sahani wakidhani ni bora kuliko za ringi. Zinashika vizuri, kweli, hasa mvua. Lakini raba zake zina maumbo mengi mno, mteja anakuja imekwisha, natafuta wiki nzima sipati inayofanana. Ukiamua kununua ya sahani, nunua na pea mbili za raba siku hiyohiyo uziweke ndani.

Kanyagataratibu

Nimekupata fundi, na hilo nimelichukua.

---

Mama wa Chumbageni

Narudi na mrejesho. Nimeichukua ile ya Kijapani. Kiti kilipanda na kushuka, nikamwambia muuzaji alegeze na usukani akaniangalia sana lakini akafanya. Mguu wangu ni sentimita 73 nikapiga hesabu nikapata 64 na nusu, fundi ameweka alama kwa kalamu kwenye bomba ili kikishuka nijue. Wavu wa spoku amefunga, tairi la 590 analo dukani. Leo nimeenda nayo hadi Raskazone na kurudi peke yangu, mtoto nimemwacha kwanza. Breki ya nyuma naona imelegea kidogo kuliko juzi, imeharibika?

Kanyagataratibu

Hongera sana dada! Haijaharibika. Waya mpya ukianza kutumika unanyooka na kukaa sawa kwenye ala yake, breki inalegea. Pale waya unapoingilia kwenye mkono wa breki kuna kinati kidogo cha duara, kizungushe kwa vidole kitoke nje mizunguko miwili, kisha kaza kile kingine kinachokizuia. Ukishamaliza wiki mbili rudi kwa fundi akaze waya kabisa kule chini, na aguse nati zote za magurudumu na za keria. Baada ya hapo ndipo umpakie mtoto.